Nambari Yake Imefungwa

Nadhira alijua kwamba amepata mume pale alipotolewa kwenye kundi.

Alikuwa barazani kwao, kijijini Ole, Pemba, anashona sketi za skuli, simu iko juu ya meza ya cherehani. Ujumbe ukaingia. Akausoma mguu ukiwa bado unakanyaga. "Alhamdulillah. Kaka wa 12 na Dada wa 30 wamepata stara. Nambari zao zimefungwa. Tuwaombee kheri." Chini yake yakatokea maandishi madogo kwamba Ustadha Yumna amemwondoa. Dada wa 30 alikuwa yeye.

Akaacha kukanyaga. Uani mama yake, Bi Kijakazi, alikuwa anageuza karafuu kwenye jamvi kwa mguu, taratibu, kama anayetembea usingizini.

"Mama, nani kasema miye nimekubali?"

"Umekubali nini?"

"Shaame."

"Kasema baba'ako. Wazee wa Gando walipiga simu kutaka jibu, akawajibu."

"Na yeye kaambiwa na nani?"

"Miye. Nilikuja hapo hapo ulipo, nikakuuliza, Nadhira, wale watu wanataka jibu lao, unasemaje? Ukanyamaza."

"Nilikuwa nafikiri."

"Basi ndo hivyo. Mwanamke akiulizwa akanyamaza keshakubali. Hata ile mara ya kwanza ulinyamaza."

"Mara ya kwanza nilikuwa mwari, mama."

Bi Kijakazi akasimama katikati ya karafuu. Alikuwa amesoma chuo cha Kurani zamani, na jambo hilo alilijua. Mwari akinyamaza, kunyamaza kwake ni ndiyo. Aliyekwisha kuolewa hutakiwa aseme kwa ulimi wake. Alilijua, lakini siku ile hakulikumbuka, kwa sababu aliyekuwa amekaa kwenye cherehani machoni mwake alikuwa bado ni mtoto wake.

"Sasa hebu sema," akasema. "Sema ndiyo, tumalize."

Nadhira akanyamaza.

"Hiyo nayo ni nini?"

"Sijui, mama."

*

Kundi lenyewe lilikuwa la watu wanaotafuta kuoana kwa heri. Ustadha Yumna, mwanamke wa Wete anayesomesha wanawake tafsiri ya Kurani, alilianzisha kwa ajili ya watu wa Pemba. Halikukaa Pemba. Likafika Unguja, Tanga, Mombasa, likafika mpaka Maskati. Hakuna picha na hakuna majina. Kila mtu ana nambari, na maelezo yake yamepangwa: umri, kazi, kimo, ana watoto au hana, anataka mtu wa namna gani. Ukimpenda mtu unamwambia Ustadha, Ustadha anamuuliza mwenyewe, akikubali mnapewa ruhusa ya kuzungumza. Kila Alhamisi baada ya isha hutoka wapya.

Aliyemtia Nadhira humo ni wifi yake, Safaa, mke wa kaka yake Haidar. Safaa alimwonea huruma. Mume wa kwanza Nadhira alipewa, na katika harusi ile hakuchagua hata rangi ya pazia. Mume yule alipomrudisha kwa talaka, hakuna aliyemuuliza tena anataka nini. Safaa akaona safari hii na achague.

Akachagua sana. Kaka wa 12 ndiye Shaame, fundi wa mafriji mwenye karakana Wete na nyumba Gando. Mtu mkweli, mchache wa maneno, ana mtoto mmoja, na akisema atapiga simu alasiri anapiga alasiri. Nadhira alimpenda. Ila Kaka wa 41, wa Maskati, alikuwa na sauti, na sauti ile ukiisikia unataka ikwambie hata bei ya vitunguu. Kaka wa 58, mwalimu wa Unguja, alisoma vitabu na alimuuliza Nadhira anafikiri nini juu ya mambo, jambo ambalo hakuna mwanamme aliyewahi kumuuliza. Kaka wa 23, wa Tanga, aliyefiwa na mkewe, alimchekesha mpaka akaharibu mshono.

Kila alipozungumza na mmoja aliona anachokosa. Shaame hana sauti ya yule, mwenye sauti hana ukweli wa Shaame, mwalimu hajui kucheka, mcheshi hajui kunyamaza. Mwisho akawa na mtu mmoja kichwani aliyemtengeneza kwa vipande vya wote wanne. Mtu huyo hakuwa na nambari.

Shaame hakujua. Alikwisha kupeleka wazee.

*

Mzee Nyange alirudi kutoka msikitini anacheka peke yake. Jambo hilo halikuwa la kawaida, maana ni mtu mkavu. Alikuwa amepewa mikono ya hongera. Wenzake walimuuliza mkwe ni wa wapi, akawaambia ni fundi, wa Gando, wakasema fundi hafi njaa. Mtu ambaye binti yake amerudishwa nyumbani hupita akiangalia chini, na Mzee Nyange alikuwa ameangalia chini muda mrefu. Siku ile alirudi ameinua kichwa.

Mkewe akampa maji, akamwacha anywe, ndipo akamwambia.

"Niitieni," akasema Mzee Nyange.

Nadhira akaja, akakaa kwenye mkeka. Safaa akasimama mlangoni na ungo wake, anajifanya anapepeta.

"Mama'ako anasema hukukubali."

"Sikukataa, baba."

"Sikukuuliza kama umekataa. Huyu Shaame ana kasoro gani?"

"Hana."

"Kama hana kasoro, tunazungumza nini hapa?"

"Wako na wengine, baba."

"Wangapi?"

"Ninaozungumza nao, na yeye akiwemo, ni wanne."

Mzee Nyange akamgeukia mkewe. "Umesikia? Wanne. Hicho ni kiwango cha mwanamme."

Safaa akacheka mlangoni, akajitia kukohoa.

"Na weye usicheke, weye ndo mwenye soko," Mzee Nyange akamwambia. Akarudi kwa binti yake. "Hao watatu, mmoja kaleta wazee?"

"Hapana."

"Mmoja kamtaja baba yake?"

"Wa Maskati kasema akija likizo."

"Akija likizo. Miye nikienda kununua samaki, kila samaki ana lake. Huyu mnono, huyu mbichi zaidi, huyu hana miba. Lakini narudi nyumbani na samaki. Sirudi na maelezo."

"Baba, mume si samaki. Samaki ukikosea unamla leo, kesho unanunua mwengine."

Neno lile lilimchoma Mzee Nyange kuliko alivyotaka ijulikane, maana ule ununuzi wa kwanza aliufanya yeye. Alikamata kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa.

"Nakwenda kwa Shehe Kificho," akasema.

Shehe Kificho alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa maneno machache. "Nyange, posa hiyo umeikubali weye. Mwenyewe bado. Ikifungwa ndoa juu ya hali hiyo, miye simo."

"Nishawapa watu neno langu."

"Umewapa neno lisilokuwa lako."

Basi ikambidi aende Gando. Haidar alimpakia kwenye pikipiki, na njia nzima mzee alishikilia kofia yake. Walipofika, baba mdogo wa Shaame, Mzee Suhail, aliwapokea kwa furaha, akaagiza kahawa, akamwita mkwe. Mzee Nyange alishika kikombe bila ya kunywa. Hakuwahi kufanya jambo gumu kama lile. Kumwambia mtu hapana kuna heshima yake. Lakini kwenda kumwambia mtu kwamba ile ndiyo yako haikuwa ndiyo, ni kukaa mbele ya watu kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza alichotumwa.

"Umekuja kuyarudisha maneno, Mzee Nyange?"

"Nimekuja kuyasimamisha. Mtoto hajasema kwa ulimi wake."

"Ana mtu mwengine?"

Mzee Nyange akafikiri namna ya kulijibu suali lile bila ya kusema uongo. "Hana mtu," akasema. "Hajaamua."

Mzee Suhail akaitazama kahawa ya mgeni inavyopoa. "Siye watu wazima, hatugombani kwa hili. Jumapili tutakuja na huyo Shehe wenu. Aulizwe, sisi tunasikia. Akisema ndiyo, tunasoma fatiha. Akisema hapana, tunarudi na salama yetu. Akinyamaza, tunahesabu hapana. Lakini njia hii hatuipiti mara ya tatu."

*

Siku zile zilizobaki, nyumba nzima ilikuwa na rai. Bi Kijakazi alisema Shaame. Haidar alisema Shaame, kwa sababu friza lao lilikuwa bovu. Safaa alisema mwalimu, kisha akasema Shaame, kisha akasema wallahi yeye angekuwa Nadhira angeenda Maskati.

"Weye una mume," Nadhira akamwambia.

"Ndo maana nachagua vizuri. Mwenye mume hababaiki."

"Weye ulimchaguaje Haidar?"

"Nimchague wapi? Aliletwa. Nikamwangalia dirishani, nikaona ana miguu miwili, nikasema alhamdulillah."

"Na humfikirii mwengine?"

"Mwengine yupi? Hapa kijijini nani alikuwepo? Alikuwepo yeye na yule kaka'enu mwengine mwenye hasira." Safaa akamtazama. "Wifi, weye unaumwa na nini khasa?"

Usiku ule Nadhira aliswali istikhara, akamwomba Mungu amwelekeze. Zamani watu waliswali istikhara juu ya jambo moja, liwe au lisiwe. Yeye aliinua mikono akajikuta hajui ataje jina gani. Akaomba kwa wote wanne. Asubuhi aliamka moyo wake mwepesi, akafurahi, kisha akakumbuka hajui umekuwa mwepesi kwa ajili ya nani.

Wale wengine nao walikwisha kusoma tangazo la Ustadha. Mwalimu alimpongeza kwa maneno mazuri, akamwambia ameshafuta nambari yake ya simu, na tangu afute Nadhira akamwona ni bora kuliko alivyokuwa. Wa Tanga alimwandikia, "Dada, umenifanya mfiwa mara ya pili," akatia vikaragosi vya kucheka na kimoja cha kulia. Wa Maskati alituma sauti. Alisema posa juu ya posa ni haramu na yeye anamwogopa Mungu, lakini kama posa yenyewe haijakamilika, basi yeye bado yupo. Nadhira aliisikiliza zaidi ya mara moja. Alitafuta ndani ya sauti ile neno "nakuja", hakulipata.

Akampigia Ustadha Yumna.

"Ustadha, nifungulie. Ile posa haijakubaliwa."

"Dada wa 30?"

"Naitwa Nadhira."

"Nadhira. Kaka wa 12 mwenyewe ndo kaniletea habari, kwa furaha. Kuna nini?"

"Sijajua yupi."

Ustadha akavuta pumzi. "Mwanangu, miye nilidhani watu hawaoani kwa sababu hawaonani. Nikasema nitawaonesha. Wale wa mwanzo, kundi dogo, wote wameoana. Sasa nina watu mpaka siwezi kuwahesabu, na wanaooana ni wale wale wachache. Wengine wanangoja Alhamisi." Akashusha sauti. "Ijapokuwa Alhamisi hii nina mmoja, nilipomsoma tu nilikufikiria weye."

Nadhira akakaa kitako. "Yukoje?"

"Hapana. Nimekosea kusema. Umeshafungwa."

"Umri wake tu, Ustadha."

"Mwanangu, nenda kazungumze na watu wenu," Ustadha akasema, akakata.

Ukweli ni kwamba huyo wa Alhamisi ndiye aliyemtesa. Wale wanne aliwajua, kila mmoja na upungufu wake. Huyu hakuwa na umri, hana kazi, hana kimo, hana mtoto wala mama mkali. Hakuwa na kasoro hata moja. Nadhira alishona sketi mbili anamfikiria, ya pili akaitia zipu nje.

Jumamosi alasiri Shaame akapiga.

"Nasikia kuna jambo," akasema.

"Lipo. Si kwako."

"Kama si kwangu, kwa nani?"

"Mko wengi, Shaame."

"Miye ni mmoja."

Nadhira akalizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole.

"Nilishanunua rangi ya chumba," Shaame akasema. "Sikwambii ili unionee huruma. Nakwambia kwa sababu duka halirudishi. Kama hutaki, nitakipaka hivyo hivyo, atalala mtoto."

"Rangi gani?"

"Kijani kibichi. Ulisema unaipenda."

Nadhira hakukumbuka kama hilo alimwambia Shaame au mwalimu. Akasema ndiyo, anaipenda. Na ni kweli aliipenda.

*

Jumapili viti viliazimwa kwa jirani. Wazee wa Gando walikuja wanne, na Shaame hakuja, kwa adabu. Mzee Nyange aliwakaribisha bila ya kuwatazama sana usoni. Haluwa ililetwa, ikawekwa, hakuna aliyeigusa. Kula haluwa kabla ya jibu kungekuwa kujitia aibu, na kila mmoja alilijua hilo, kwa hiyo sahani ilikaa katikati yao na nzi wawili.

Nadhira alikuwa chumbani pamoja na mama yake na Safaa. Kati yao na wanaume palikuwa na pazia. Shehe Kificho alisogeza kiti chake karibu na mlango, na mashahidi wawili wakasimama nyuma yake.

"Nadhira binti Nyange."

"Labeka, Shehe."

"Ameletwa kwako Shaame bin Rajab, wa Gando, anakutaka kwa ndoa. Baba yako ameridhia. Unaridhia?"

Kimya. Nje, Mzee Suhail akaweka mkono juu ya goti, kama mtu anayejitayarisha kusimama.

"Shehe, naruhusiwa kuuliza?"

"Uliza."

Bi Kijakazi akamfinya paja. Nadhira akauondoa mkono wa mama yake.

"Nikikubali, nitaacha kuwafikiria wengine?"

Barazani mtu mmoja akaguna. Mzee Nyange akafumba macho. Alitamani karafuu zote za Ole zimwangukie zimfunike.

Shehe Kificho alikuwa ameozesha watu wengi, na suali lile hakuwahi kuulizwa kwa sauti. "Hilo silijui," akasema. "Miye natakiwa niulize ulimi. Ya moyoni sikutumwa kuyauliza."

"Na kama kuna aliye bora kuliko yeye?"

"Yupo," Shehe akasema. "Bila shaka yupo. Na kuliko weye yupo. Nakuuliza mara ya pili. Unaridhia?"

Hakuna aliyetarajia jibu lile, hata Safaa. Nadhira alilisikia likishuka ndani yake, zito, halimpi raha wala halimuumi. Miezi yote ile alikuwa akingoja mtu amwambie huyu ndiye bora, ili aache kutafuta. Sasa ameambiwa mbele ya mashahidi kwamba si bora, na kwamba hilo si kizuizi. Hakujua kama amefarijiwa au ametukanwa. Alijaribu kuisikia sauti ya wa Maskati, ikaja. Akajaribu kumkumbuka wa Tanga, akaja na mzaha wake. Na yule wa Alhamisi, asiye na sura, akaja naye, akasimama nyuma yao wote. Hakuna aliyeondoka. Alikuwa amedhani wataondoka.

"Wifi," Safaa akamnong'oneza, "wanasimama."

Kweli kiti kimoja kilikwaruza sakafu.

"Nimeridhia," Nadhira akasema.

"Sema wasikie."

"Nimeridhia kuolewa na Shaame bin Rajab."

"Mmesikia?" Shehe akawauliza mashahidi. Wakasema wamesikia. Mzee Suhail, aliyekuwa amekwisha kunyanyuka, akakaa, akanawa mkono kwenye bakuli, akakata kipande cha haluwa. Fatiha ikasomwa. Chumbani Bi Kijakazi alipiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akaanza kulia, na alipoulizwa analia nini akasema aachwe.

Mzee Nyange aliwasindikiza wageni mpaka barabarani. Aliporudi alipita dirishani kwa binti yake, akasimama.

"Nilikosea safari ile," akasema, anaangalia mgomba. "Safari hii umesema mwenyewe."

"Ndiyo, baba."

"Basi ukikosea, hukukosewa." Akaenda zake kuanua karafuu, mawingu yalikuwa yanakuja.

Shaame alipiga simu jua halijazama. Alikwisha kuambiwa yote, pamoja na yale masuali kwa Shehe. Pemba ni ndogo.

"Umekubali kweli?" akauliza.

"Nimekubali. Usiniulize mara nyengine, Shaame."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikiulizwa nitaanza kufikiri."

Akamsikia anapumua. Alidhani atakasirika, na alikwisha kujitayarisha kwa hilo.

"Hata miye," Shaame akasema, "wiki ile kabla Ustadha hajanifunga, kulikuwa na dada mmoja wa Mkoani."

Nadhira akakaa wima kitandani.

"Nambari ngapi?"

"Na weye," akasema Shaame, "usiniulize."